Kufuli Kwenye Tangi

Katika boma letu kusini mwa Kitui, upande wa Mto Tiva, hakuna mali iliyothaminiwa kama tangi jeusi la lita 10,000 lililosimama nyuma ya jikoni. Susu, mama mzazi wa baba, alilinunua kwa pesa za ndengu na za chama cha akina mama, akilipa kidogo kidogo msimu hadi msimu. Mgeni akipita huona plastiki tu. Sisi tunaona hesabu. Punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita 20, yaani lita 80 kwa safari moja. Tangi likijaa, ndani yake mna safari 125 za punda ambazo hakuna tena wa kuzitembea, na asubuhi nyingi ambazo mama wa boma hatainama kwenye mchanga wa mto akifukua kisima na kungoja maji yajikusanye, kikombe baada ya kikombe.

Susu alikuwa na sababu za kuyalinda maji kama alivyoyalinda. Njaa ya 1961, wakati chakula cha msaada kilipodondoshwa kwa ndege, ilimkuta msichana. Ile ya 1984 ilimkuta ana watoto wa kulisha. Ndiyo Wakamba waliyoipa jina la mtu anayekufa huku ameshika pesa mkononi, kwa kuwa pesa zilikuwapo lakini madukani hamkuwa na unga. Aliyepita huko hawezi kusikia mfereji ukidondoka usiku akajigeuza upande wa pili na kulala.

Mama yeye ni wa Mbooni, Makueni, ng'ambo ya Mto Athi. Milima ile ina chemchemi, ina ukungu wa asubuhi, ina migomba kandokando ya vijito. Mbuzi wa ntheo, wa kufungia ndoa kwa desturi yetu, walipopelekwa kwao, naye akaletwa Kitui, alijifunza upya kuishi na maji: kuoga kwa kata chache, kuyatumia maji ya kuoshea mboga kumwagilia sukuma, kuyaacha maji ya kufulia yatulie ili yatumike kupiga deki. Susu ndiye aliyemfundisha. Kwa miaka mingi walipatana hata majirani wakawa wanawataja. Walitwanga muthokoi kwenye kinu kimoja, mchi wa mmoja ukipanda wa mwenzake unashuka, na sisi watoto tuliamka kwa mlio huo tukijua kwamba mahindi yanakobolewa na kwamba nyumbani kuna amani.

Ukambani tunaitegemea vuli kuliko masika. Vuli ya 2019 ilikuwa ya kukumbukwa. Ilianza Oktoba, ikapiga mfululizo, na Krismasi ilitukuta tangi limejaa hadi linafurika. Kila jioni Susu alikuwa akilipiga kwa kiganja, chini, katikati, juu, asikie ile sauti nzito ya maji mpaka ukingoni. Kisha, Februari 2020, wiki zilezile ambazo nzige walikuwa wakipita Kitui na kila boma linagonga masufuria na mabati kuwafukuza, tuliamka tukakuta tangi limekauka.

Nyuma ya jikoni palikuwa tope tupu, kuanzia msingi wa mawe hadi kwenye mpaka wa shamba. Kiungo cha bomba, pale mfereji unapoingia kwenye tangi, kilikuwa kimevunjika. Katikati ya tope alisimama punda, kamba iliyokatika ikining'inia shingoni, nyayo zake zimejaa kila mahali.

Punda huyo hakulazwa karibu na tangi bila sababu. Siku hizo wizi wa punda ulikuwa umezidi nchini. Walichinjwa, ngozi zao zikasafirishwa Uchina. Mojawapo ya machinjio yenye leseni lilikuwa Machakos, kwa majirani zetu, na mwezi huohuo serikali ilikuwa imetoa amri yafungwe. Mwenye punda alimlaza mahali ambapo angemsikia akikohoa. Jioni iliyotangulia Mama ndiye aliyemfunga, na sote tulimwona akimfunga.

Susu alilipiga tangi kwa kiganja, chini, katikati, juu. Halafu akageuka.

"Watu wa Mbooni hamjui maji," alimwambia Mama mbele yetu. "Mmezaliwa yakiwapita miguuni. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya umeyamwaga wewe."

"Mwaitu, punda nilimfunga mafundo mawili," Mama alisema, akimwita mama kwa lugha yetu. Susu hakujibu. Ndipo Mama akaongeza, kwa sauti ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia kinywani mwake: "Na watu wa Kitui mnajua nini, zaidi ya kuhesabu matone na kusahau watu?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wazee wetu husimulia kwamba Wakamba walikaa kwanza milima ya Mbooni, na baadhi yao ndio waliovuka Athi baadaye wakaja kuijaza Kitui. Susu mwenyewe alikuwa akitusimulia hayo tukiota moto. Lakini hasira ilipompanda aliitukana chemchemi waliyoinywa mababu zake mwenyewe, na Mama naye akawatukana watu ambao watoto wake walikuwa miongoni mwao. Hivyo ndivyo ugomvi wa nyumbani unavyofanya kazi: hauna jiwe la kumrushia jirani lisilopita kwanza juu ya paa lako.

Kesho yake Susu alimtuma baba mdogo mjini Mutomo. Alirudi na kiungo kipya, mfereji wa chuma wenye tundu la kufuli, na kufuli yenyewe. Ufunguo Susu aliufunga kwenye pindo la leso yake. Punda akauzwa mnadani wiki iliyofuata. Mama naye aliwaita vijana wawili wakamchimbia miti, akaezeka mabati machache, akahamishia mafiga yake humo. Boma lililokuwa na moshi mmoja likawa na mioshi miwili.

Masika ya mwaka ule ilitujalia, tangi likafika karibu nusu. Kila asubuhi Susu alifungua kufuli, akapima mitungi miwili ya jiko lake na miwili ya jiko la Mama, akafunga. Mitungi ya Mama ilikaa palepale imejaa mpaka jioni. Hakuigusa. Alibeba mtungi mwingine mgongoni, mkanda ukimkaza paji la uso, akashuka mtoni.

Baba ndiye angeweza kuwapatanisha, lakini alikuwa kazini Mombasa. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, na tarehe 8 Aprili serikali ikazuia watu kutoka au kuingia Mombasa. Zuio hilo halikuondolewa hadi Julai. Alituma pesa kwa simu, akapiga kila Jumapili, akazungumza na Susu, kisha simu ikapelekwa ng'ambo ya ua akazungumza na Mama. Kila mmoja alimwambia kwamba mambo ni salama. Amri ya kutotoka nje usiku ikatufungia sote ndani ya ua mmoja, na humo ndani watu wawili hawasemezani.

Sisi watoto tukawa ndio barabara. "Mwambie susu yako kuku wake wameingia kwenye mboga." "Mwambie mama yako naomba moto." Walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwa kila mmoja, na maneno yalipita juu ya vichwa vyetu kabla hatujayabeba. Kinu kilikuwa kimoja, hawakuweza kukigawa, basi walikitumia kwa zamu. Anayemaliza alikifuta na kukipindua, ili mwenzake asione aina ya nafaka iliyobaki chini. Mlio wa asubuhi ulibadilika. Mchi mmoja hupiga, hunyamaza muda wa mtu kuvuta pumzi, hupiga tena.

Wakati wa baridi, Susu alishikwa na homa. Kila mtu alikuwa akiogopa homa mwaka ule. Mama alipika uji wa wimbi asubuhi na jioni, akatia ndimu, akatupa tupeleke. Alisimama uani, karibu na mti wa mwarobaini, akingoja tutoke. "Amekunywa? Amekunywa wote? Anapumuaje?" Aliuliza yote, wala hakuvuka kizingiti. Susu ndani alikuwa akiuliza, "Ni nani aliyepika?" Tulipomwambia, alikunywa akamaliza bila kusema neno.

Majirani waliwasifu. Hapakuwa na kelele, hapakuwa na matusi, hakuna aliyepelekwa kwa chifu. Walisema wanawake wale wana subira. Mimi nimelifikiria neno hilo tangu siku hizo na siwezi kukubaliana nao. Mkulima wa Ukambani hupanda kavu. Kabla tone la kwanza halijaanguka, ameshalima, ameshatia mbegu ardhini, ndipo anakaa kuyatazama mawingu. Hiyo ni subira, kwa maana mtu ametenda lililo lake na sasa anangoja lisilo lake. Anayenuna naye anangoja, ila hajapanda kitu. Anangoja mwenzake aje kwanza, ainame kwanza, akiri kwanza, na hata mvua ikinyesha shambani mwake hamna cha kuota. Mama na Susu waliwekeana kinyongo kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ndiyo iliyowafanya wasione kwamba wanaangamia.

Ukame ulipoingia, mambo yalizidi kuwa magumu. Vuli ya 2020 ilikuwa haba, masika ya 2021 haba zaidi, na tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Visima vya mchanga viliongezeka kina hadi mchotaji akawa anashuka ndani na mwingine anapokea mtungi juu. Mama alikuwa akiondoka nyota zikiwa bado juu. Tangi lilikuwa limebakiza maji ya chini kabisa, na ufunguo haukutoka kwenye leso.

Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, Mama aliondoka na akina mama wa kwaya ya kanisa. Walikuwa wamealikwa arusini ng'ambo ya mto wetu, wamekodi matatu, wamevaa sare. Kwetu usiku uliotangulia yalikuwa yameanguka matone tu, lakini mbali upande wa vilima umeme ulikuwa umewaka usiku kucha. Asiyeijua Kitui hashiki jambo hili kwa urahisi: katika mwaka wa ukame wenyewe, mto uliokuwa mchanga mkavu alfajiri unaweza kuja saa sita mchana umejaa kingo hadi kingo, kwa sababu ya mvua iliyonyesha mahali usipopaona.

Mchana Susu alikuwa kibarazani akipeta mbaazi, redio imewashwa Musyi FM. Mtangazaji akasema basi lililobeba kwaya kwenda arusini limesombwa na mto katika kaunti ya Kitui. Ungo ulisimama mikononi mwake. Alisikia kwaya, akasikia arusi, akasikia mto. Tulipiga simu ya Mama, haikupatikana. Tukapiga ya mwenzake, haikupatikana.

Haukupita muda mrefu tukajua kwamba ni Mto Enziu, kaskazini, kwenye njia ya kutoka Mwingi kwenda Nuu. Dereva alijaribu kupita kwenye kivuko kilichofunikwa na mafuriko, maji yakalisukuma basi likapinduka na kuzama, watu wakilitazama kutoka ukingoni. Picha zake zilifika kwenye simu zetu kabla ya jioni. Zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwamo watoto. Walikuwa wamevaa nguo za sherehe. Asubuhi hiyo, katika nyumba zao, bila shaka kuna aliyesahau kuaga, na kuna aliyeondoka akiwa amenuniwa kwa jambo ambalo lingekwisha kwa neno moja jioni.

Enziu ni mbali na kwetu, lakini Susu hakutulia. Mvua iliyoujaza mto wa wengine ingeweza kuujaza wetu. Hakula. Alikaa uso umeelekea njia, na kila pikipiki iliyolia aliinua kichwa. Giza lilipoanza kuingia alisema, akiwa hamwambii yeyote, "Aliniaga leo. Alisimama pale akasema anaenda. Nilimsikia, nikajifanya napeta."

Mama alifika usiku, kwa miguu, matope hadi magotini. Matatu yao ilikuta mto umejaa. Abiria walimsihi dereva avuke kwa kuwa arusi ilikuwa imeanza. Wengine walimkemea, wakasema wamelipa pesa zao. Yeye alizima gari, akachukua ufunguo, akateremka, akawaambia, "Mto utapungua. Tungoje." Wakangoja, wamekasirika, mpaka habari za Enziu zikawakuta palepale ukingoni. Hapo kelele zote zilikwisha. Nikitafuta mfano wa subira simtafuti mbali na dereva huyo, ambaye alivumilia kuitwa mwoga mchana mzima na kwaya nzima ikarudi nyumbani.

Susu alisikia sauti yake langoni kabla sisi hatujamwona. Aliinuka akatoka bila fimbo. Alipomfikia alianza kufungua fundo la leso, vidole vikamshinda, akalifungua kwa meno. Akamwekea Mama ufunguo kiganjani.

"Shika. Chota maji unawe miguu."

"Mwaitu, yamebaki kidogo."

"Chota. Yakiisha tutaenda mtoni sote."

Usiku huo walikaa jikoni kwa Susu, na sisi hatukufukuzwa. Susu alisema, "Lile neno nililolisema juu ya kwenu nalirudisha. Halikuwa la kweli. Na hata lingekuwa la kweli, halikuwa la kuambiwa mbele ya watoto wako." Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Uliumwa nikasimama uani. Nilikuwa na miguu ya kuingia, sikuingia. Unisamehe." Hakuna aliyemtaja punda. Hakuna aliyeuliza fundo lilikuwa moja au mawili. Kwa karibu miaka miwili swali hilo ndilo lililokuwa limewatenganisha, na siku walipopatana halikupata hata nafasi ya kukaa.

Ni kweli maji yakimwagika hayazoleki. Neno lakini huzoleka, maadamu aliyelisema na aliyeambiwa wote wangali hai. Mmoja akishaondoka, ndipo linapokuwa maji.

Baada ya hapo ukame haukutuhurumia. Mvua zilikosekana msimu baada ya msimu hadi 2022 ikaisha, mitano mfululizo kwa hesabu ya watabiri wa hali ya hewa katika pembe hii ya Afrika. Mbuzi walikufa. Tulikula chakula cha msaada. Lakini tuliupita mwaka ule mbaya kwa jiko moja na kwa kuchota maji kwa zamu, mmoja ndani ya kisima, mwingine juu, na nina hakika kwamba mwaka huohuo, kwa majiko mawili, ungetushinda. Kwa mtu wa nchi kavu, mapatano ni sehemu ya chakula.

Halafu vuli ya 2023 ikaja na El Niño. Tangi lilijaa kwa mara ya kwanza tangu usiku ule wa Februari. Susu, aliyekuwa sasa anatembea kwa shida, alipelekwa akalipiga kwa kiganja, akacheka. Haikupita wiki, Mama akaamka usiku wa manane kwa mlio wa maji. Kiungo kilekile kilikuwa kimepasuka na maji yanaruka.

Usiku huo boma zima liliamka. Mama aliziba ufa kwa kitambaa na mpira wa baiskeli, akashikilia kwa mikono yote miwili huku maji yakimlowesha hadi kifuani. Susu alikaa kwenye kigoda chini ya mwavuli, akiongoza: leteni masufuria, leteni mabeseni, leteni karai la zege, pipa la kuku limwagwe lioshwe, vibuyu vya kuhifadhia mbegu vitolewe mbegu. Alipokumbuka chombo alikitaja, nasi tulikikimbilia. Mitungi ya majirani ikaja. Kinu chenyewe kilijazwa maji. Kulipopambazuka uani hapakuwa na pa kukanyaga kwa vyombo, na zaidi ya nusu ya maji ilikuwa imeokolewa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ni nani aliyelaza nini wapi.

Fundi alikuja akaweka pimamaji juu ya msingi wa mawe. Povu lilikimbilia upande mmoja. Alituonyesha: tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10, na msingi wetu ulikuwa umezama upande wa mfereji, hivyo uzito wote huegemea bomba likapinda shingoni hadi likavunjika. Tangi likiwa nusu halina neno. Likijaa, lazima livunjike. Aliuliza kama limewahi kuvunjika hapo kabla. Mama akamwambia habari za 2020, na za punda.

"Punda hakuvunja kitu, Mama," fundi alisema. "Alisikia maji yanadondoka, akakata kamba akayafuata. Yalikuwa yameshaanza kumwagika."

Mama alimtazama Susu. Susu alimtazama fundi akauliza, "Huo msingi unataka saruji mifuko mingapi?"

Wengine tuliowasimulia kisa hiki hufurahishwa zaidi na hapo, kwamba mwishowe haki ilijulikana. Mimi naona fundi alichelewa, na ni neema kwamba hatukumngoja. Kama Susu angesema nitamsamehe siku nitakapojua kwa hakika kwamba hakukosa, na kama Mama angesema nitaingia kwake siku atakapokiri kwamba nilifunga, wangekaa hivyo mpaka mwisho wa 2023. Na Susu alifariki katikati ya 2024. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuipiga. Wangebakiza miezi michache tu ya kula pamoja, nayo ingetumika kuombana radhi kwa miaka iliyopotea. Badala yake walipata misimu ya kutosha kutwanga, kugombana kidogo na kuyamaliza siku hiyohiyo, na kumfundisha mke wa kaka yangu kukoboa muthokoi bila kuyavunja mahindi.

Kwenye matanga ya Susu alikuja mzee wa ukoo ambaye yeye na Susu hawakuwa wamesemezana tangu zamani kwa sababu ya mpaka wa shamba uliopandwa mkonge. Aliomba kusema. Alisimama mbele ya jeneza, kofia mkononi, akaomba msamaha. Alisema alikuwa amepanga kuja. Alisema alidhani kuna wakati. Alilia mpaka vijana wakamshika mikono wakamkalisha. Watu wengi walilia naye, na nadhani si wote waliokuwa wakimlilia Susu. Ukambani, kama kwingineko, matanga yamekuwa ndiyo baraza la kupatanishia watu: ndipo ndugu hukutana, ndipo waliohama hurudi, ndipo maneno yaliyokaa kifuani hutolewa. Ni desturi yenye heri kwa waliobaki. Lakini yule anayestahili kusikia kuliko wote ndiye pekee asiyesikia.

Zamu ya Mama ilipofika alisimama, akawashukuru waliokuja, akasema, "Mama huyu tulimalizana naye. Sina deni lake, naye hana langu. Namlilia kwa sababu nampenda." Akaketi. Sijasikia neno zuri zaidi likisemwa juu ya kaburi.

Nawaandikia wenye maboma yenye mioshi miwili, na ninajua ni wengi, Kitui, Makueni na kote wanakosoma maneno haya. Dada wawili hawasemezani kwa sababu ya sufuria ya arusi iliyorudishwa imetoboka. Kaka wamegawanyika kwa pesa za ng'ombe mmoja. Mzazi hampokei mtoto simu. Wengi wanangoja ushahidi, wengine wanangoja mwenzao aanze, na wote wanadhani wakati upo. Watu wa Enziu walidhani upo, na walikuwa wakienda kuimba.

Msingoje. Na kama hamjui pa kuanzia, tazameni walivyofanya wanawake wawili wa nyumbani kwetu. Susu hakuanza na alichoambiwa, alianza na alichosema. Mama hakuanza na alichonyimwa, alianza na mlango ambao hakuuingia. Kila mmoja alichukua fungu lake mwenyewe, hata likiwa dogo, akaliweka mbele ya mwenzake bila kudai lingine. Fungu hilo unalijua, hulihitaji fundi akuonyeshe, nalo linaweza kusemwa leo jioni.